Mnunuzi Mwingine

Sehemu ya Saba: Fundi Kabatini

Kuna msomaji mmoja ameniandikia barua kali. Anasema nimemfungia mama wa watu ndani ya kabati la nguo wiki nzima, bila maji, bila hewa, na kama mimi ni mtu mzima mwenye haya nirudi nikamtoe. Narudi, ndugu yangu. Ila tuelewane jambo moja: sikumfungia mimi, aliingia mwenyewe.

Kwa aliyepitwa, nasema haraka haraka. Fundi ni mshonaji wa sare za shule. Miaka kumi na moja sasa anashonea kwenye korido ya nyumba ya kupanga, na kila mpangaji anayekwenda chooni humruka mguu. Sasa nyumba hii inayouzwa ina chumba chenye madirisha mawili, na Fundi alikiona mara moja tu, tangu hapo hajala akashiba. Dalali alimtajia milioni thelathini na nane. Fundi akaanza na thelathini na tatu, na kila alipoongeza, Dalali alimpigia simu kumwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba kuna mnunuzi mwingine aliyepanda zaidi.

Alipofika thelathini na sita akakoma. Ndiyo yote iliyokuwa benki. Kwenye futi yake ya kupimia alikuwa ameshona uzi mwekundu penye inchi ya thelathini na sita, ili kila akiivaa shingoni akumbuke pumzi yake inaishia wapi. Wiki iliyopita simu ikalia tena: yule mwingine ametoa arobaini.

Basi leo mchana alikuja kutazama mara ya mwisho, akitafuta ubovu wowote wa kuteremshia bei. Akashuku kwamba ukuta wa nyuma ya kabati una unyevu. Akaingia kabatini kuupapasa. Mara akamsikia Dalali anaingia chumbani na mtu, mlango wa kabati ukajifunga wenyewe, na hapo ndipo tulipoachana.

Humo ndani giza, na dawa ya nondo inapanda puani mpaka machozi yanatoka. Fundi alibana pua kwa vidole viwili akatega sikio.

"Chumba chenyewe ndicho hiki," Dalali alikuwa anasema. "Lakini sikufichi, bwana mkubwa. Yule mama hatanii. Asubuhi hii ametoa arobaini na moja."

Macho yakamtoka Fundi gizani. Yule mama ni yeye, na asubuhi hii hakutoa arobaini na moja wala arobaini kasoro. Asubuhi hii alikuwa anashona mifuko ya kaptura.

Mnunuzi akakohoa. Kikohozi kimoja kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia uwanja mzima. Moyo wa Fundi ukamruka, kwa sababu kikohozi kile amelala nacho kitanda kimoja miaka kumi na saba.

Alikuwa mumewe. Naam, Mnadi mwenyewe, yule anayepiga minada ya vitanda na ng'ombe na magari mabovu, ambaye leo asubuhi aliaga kwamba anakwenda kunyoa.

Wazo la kwanza lililomjia Fundi ni lile ambalo wewe msomaji umeshaliwaza. Kuna mwanamke. Mume hanunui nyumba kwa siri hivi hivi. Na kama vile kumtilia chumvi kidondani, akamsikia Mnadi anasema kwa sauti laini ambayo hakuwa ameisikia tangu mtoto wao wa mwisho azaliwe: "Chumba hiki nataka kiwe chake. Na asijue lolote mpaka siku nitakayomkabidhi ufunguo."

Fundi akautoa mkasi mfukoni. Simlaumu.

"Basi panda," Dalali akamwambia. "Mama yuko arobaini na moja."

"Arobaini na mbili."

Hapa lazima nisimame nieleze ugonjwa wa huyu bwana. Mnadi hawezi kusikia bei akaiacha ipite. Mwaka juzi muuza magodoro alimtajia laki moja na nusu, yeye akajibu laki moja na sitini. Muuzaji akashikwa na mshangao, akanyamaza. Mnadi akadhani amekataliwa, akasema na sabini. Ndiyo maana Fundi hakumwambia neno juu ya nyumba hii. Anampenda mumewe kwa moyo wote, lakini sokoni hamchukui.

Dalali naye alikuwa ameshaugundua ugonjwa huo na alikuwa anaunyonya taratibu. Hakujibu kitu. Alitazama dirishani.

"Arobaini na tatu," Mnadi akasema.

Dalali akainama akafunga kamba ya kiatu. Kiatu kipya, cheusi, kinang'aa. Kishikeni hicho kiatu, nitakihitaji baadaye.

"Na nne," Mnadi akasema. "Na tano." Chumba kizima hakikuwa na mtu mwingine wa kushindana naye, mtu alikuwa anashindana na pumzi yake mwenyewe, na alikuwa anapata joto. Alipofika arobaini na saba alifunua koti lake upande mmoja, akatoa ile nyundo yake ndogo ya mnadani, akatafuta mahali pa kuigonga. Meza haikuwepo. Akagonga mlango wa kabati.

"Arobaini na saba, mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Imeuzwa."

Mlango ukafunguka. Mkewe akamwangukia miguuni, futi shingoni, mkasi mkononi, akapiga chafya tatu mfululizo.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Mnadi, na kati ya maneno yote duniani, akachagua kumwuliza mkewe kama si yeye aliyesema leo ana mifuko ya kaptura. Fundi akamjibu kwamba na yeye mbona kichwa bado kina nywele. Kisha akajiinua, akamwelekezea mkasi kifuani, akamwuliza nyumba hii ni ya nani.

"Yako," Mnadi akasema. "Nani mwingine? Nimechoka kukuona unarukwa mguu."

Mkasi ukashuka. Fundi akakaa kitako sakafuni. Alitaka kulia, na alitaka kumchoma, na alitaka kumbusu, vyote kwa wakati mmoja. Alipotulia akamwuliza polepole: kwa fedha gani?

Za benki, Mnadi akasema. Zile thelathini na sita.

Zile zile! Sasa mmeona wenyewe. Wiki tatu mume na mke wamekuwa wakigombania nyumba moja kwa fedha moja kutoka akaunti moja. Kadi anakaa nayo Mnadi, kitabu kiko kwenye droo ya cherehani, na hakuna aliyechungulia cha mwenzake. Wakati wa chakula Fundi alikuwa akilalamika kwamba kuna mshenzi mmoja anamharibia mambo yake, na Mnadi alikuwa akimpoza, akimwambia hata yeye kuna mshenzi wa aina hiyo hiyo huko kazini.

Wakageuka wote wawili kumtazama Dalali. Ungedhani atakimbia. Hakukimbia. Uso wake ulikuwa umejaa nuru, kama mtu aliyeona mwezi mchana.

"Miaka kumi na tisa nawaambia watu kuna mnunuzi mwingine," alisema, na sauti ilimtetemeka. "Hii ndiyo mara ya kwanza amekuwepo kweli."

Fundi akamkumbusha ile arobaini na moja ya asubuhi. Dalali akakiri kwamba ile ilikuwa makadirio tu.

Halafu Fundi akakumbuka kitu. Akamwuliza mumewe kama ametoa arubuni.

Maana yeye arubuni ametoa, milioni mbili, lakini hakumpa Dalali hata ya soda. Alizipeleka kwa wakili mmoja mteja wake, yule ambaye Fundi alimshonea joho la mahakamani, na karatasi inasema wazi: fedha hizi hazimgusi mtu mpaka hati ya nyumba ikaguliwe ofisi ya ardhi, na ofa ikikataliwa zinarudi zote. Fundi ni mtu wa kuogopa, na woga wake mara nyingi umemlisha.

Mnadi yeye alitoa milioni mbili za kwake mkononi mwa Dalali, ndani ya gari, bila shahidi. Alipoulizwa karatasi akatoa kwa fahari kipande cha kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma yake pameandikwa: Nimepokea mbili. Ukighairi zimekwenda. Hakuna tarehe, hakuna jina, hakuna nyumba ipi.

"Karatasi ya nini?" Mnadi akajitetea. "Mimi nimekuzwa mnadani. Mama alinifundisha nikiwa sijaota ndevu: nyundo ikishapigwa, mdomo unafungwa. Hakuna wa kuongeza wala wa kupunguza."

"Umesikia mwenyewe, mama," Dalali akadakia kwa furaha. "Na nyundo ameipiga mwenyewe. Arobaini na saba, siku tatu, fedha yote mezani. La sivyo zile mbili zimekwenda na maji."

Arobaini na saba hawana na hawatakuwa nayo. Milioni mbili kwa Fundi ni sare mia nne, kila moja na vifungo vyake na ukosi wake, na kila mshono alikuwa ameupiga mtu akimruka mguu. Alimtazama mumewe, akayatazama madirisha mawili, akakata shauri. Akasema anataka kuongea na mwenye nyumba.

Dalali akaanza wimbo. Mwenye nyumba ni kikongwe, hasikii, ana presha, hapendi wageni, kila kitu kipitie kwake. Alipofika kwenye presha Fundi alikuwa ameshatoka kwa mlango wa jikoni, na wale wawili wakamfuata.

Mwenye nyumba alikuwa barazani nyuma, amekaa mbele ya meza, anafunga sahani kwenye magazeti ya zamani. Ni mkunga mstaafu, na kila mtu mtaani anamwita hivyo hivyo, Mkunga. Anahamia kwa binti yake. Presha yake haiko vibaya, na masikio yake, kabla hata hawajamsalimu, alishauliza nani aliyekuwa anagonga kabati lake kwa nyundo.

Fundi akampa shikamoo, akaomba radhi kwa ajili ya kabati, akamwuliza kwa adabu bei aliyompa Dalali ni ngapi.

"Thelathini na tatu," Mkunga akasema. "Na kamisheni yake ningempa mimi pembeni."

Kumbe ile thelathini na nane ya mwanzo ilikuwa na cha juu cha milioni tano, kimeshonewa ndani bila mwenye nguo kujua. Na hapo hapo, sauti nzito ikasema:

"Thelathini na nne."

Alikuwa Mnadi. Alijishika mdomo mwenyewe, lakini bei ilikuwa imeshatoka.

Fundi hakumgombeza. Alichomoa pini saba kwenye mto wake mdogo wa pini aliofunga mkononi, akazipanga moja moja kati ya midomo ya mumewe, vichwa nje, kama anavyozishika mwenyewe akipinda upindo. Akamwambia azibane vizuri na asiziachie mpaka atakapoambiwa. Mshonaji yeyote atakueleza, mwenye pini mdomoni haongei.

Mkunga naye alikuwa amemwita Dalali kwa kidole kimoja. Dalali, baba mzima mwenye kitambi na miwani ya jua, akaja akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Wewe nilikupokea mimi kwa mikono hii," Mkunga akamwambia. "Ulitoka miguu mbele, na tangu siku hiyo hujanyooka. Nani alikutuma upokee arubuni ya nyumba yangu?"

Dalali akasema kazi yake ndivyo inavyokwenda. Mkunga akamwuliza kama ana barua yenye sahihi yake inayompa ruhusa ya kushika fedha za mtu. Hana. Basi, akaambiwa, azitoe hapa mezani.

Zikaanza kutoka. Nyingine kwenye mfuko wa shati, nyingine kwenye soksi, bunda zima lilikuwa tumboni ndani ya mshipi, na kitambi kikapungua mbele ya macho ya watu. Zilipohesabiwa zikawa milioni moja, laki nane na nusu. Iliyopelea ni laki moja na nusu. Wote walitazama chini, viatu vikang'aa.

"Vua," Mkunga akasema.

Akavua. Mkunga akaviweka mezani kati ya sahani na bakuli kama dhamana, akachukua kile kipande cha kalenda, akaandika kwamba zimerudishwa isipokuwa za viatu, akaweka tarehe, akamtaka Dalali atie sahihi. Dalali akatia. Kisha akasema ana miadi yake ya saa kumi, na ingawa hakuna aliyemwuliza ni miadi gani, akaondoka akitembea kwa vidole, maana changarawe ya uani ilikuwa ya moto.

Mnadi akataka kushangilia. Fundi akamwonyesha kidole, pini zikatulia.

Sasa ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Fundi alivuta kiti, akainua kiwiko chake akamwonyesha Mkunga mkono wa gauni uliolowa. Ukuta nyuma ya kabati unavuja, akasema, na maji yanatoka kwenye mfereji wa paa uliopasuka. Dirisha la pili halifungi. Chumba nimekipima, Dalali aliniambia futi kumi na nne, ni kumi na tatu na inchi tano. Alisema yote hayo bila kuidharau nyumba, kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa ni kizuri ila hakitoshi mikono mirefu. Akatoa thelathini na moja.

Mkunga akasema amezaa wanne ndani ya nyumba hii na kupokea wa watu zaidi ya mia. Akateremka mpaka thelathini na mbili na nusu. Mnadi alianza kutetemeka. Kila bei ilipotajwa mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe, na kila ulipopanda Fundi aliushusha bila kumtazama. Jasho lilimchuruzika. Pini zilikuwa zinagongana.

Wakafika thelathini na mbili, mfereji wa paa atautengeneza mnunuzi. Mkunga akasema haya, iwe hivyo.

Fundi hakukimbilia kushukuru. Alitaka iandikwe kwamba arubuni inabaki kwa wakili, kwamba hakuna senti inayosogea mpaka ofisi ya ardhi iseme hati ni ya Mkunga na haijawekwa rehani popote, na ikionekana kinyume, zirudi zote ndani ya siku saba. Mkunga alisikiliza huku anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema laiti angepata mkamwana mwenye akili kama hizo. Wakaandika nakala mbili, Fundi akaisoma kwa sauti, Mkunga akavaa miwani, akashika kalamu, akaandika nusu ya kwanza ya jina lake.

"Hodi," ikasema sauti kutoka getini.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, na ingesikika mwisho wa uwanja wa ng'ombe. Mnadi akakakamaa, pini zote saba zikasimama wima.

Akaingia mama wa miaka sabini, amenyooka, mkoba kwapani. Nyuma yake Dalali, miguu mitupu, anatabasamu mpaka masikioni.

"Nilisema kuna mnunuzi mwingine," Dalali akasema. Na safari hii pia hakuwa anadanganya.

Yule mama hakumtazama mtu ila Mkunga. Akasema amekuja kwa ajili ya nyumba, hana muda wa kuzungushana, anatoa hamsini. Kisha akageuka, akamwona mwanamume mwenye pini mdomoni.

"Wewe," akasema, "si uliniambia leo unakwenda kunyoa?"

Alikuwa mama yake. Mama mkwe wa Fundi. Aliyemfundisha Mnadi kazi.

Akaeleza bila kukaa. Amechoka kusikia mwanawe na mkewe wanaishi kwa watu. Alitaka kuwashtukiza. Nyumba yake mwenyewe ameiuza wiki iliyopita ili apate fedha, na sasa wataishi wote pamoja, familia moja chini ya bati moja. "Mimi nitakaa kile chumba cha madirisha mawili," akamalizia. "Kina hewa."

Miaka kumi na moja ya korido ikampita Fundi mbele ya macho, na mbele yake akaona nyingine kumi na moja. Akaitazama kalamu ya Mkunga. Ilikuwa imesimama katikati ya jina. Tusimhukumu Mkunga, jamani, milioni kumi na nane za ziada si mchezo kwa mtu anayeishi kwa pensheni.

Akamgeukia mumewe. Akaweka kiganja chini ya kidevu chake, akamwambia ateme, aongee na mama yake taratibu, kama mtoto na mzazi. Mnadi akazitema zote saba. Akamtazama mama yake kwa mapenzi. Akakohoa kile kikohozi.

"Hamsini na moja," akasema.

"Na mbili," mama yake akajibu, bila kupepesa hata kope.

"Na tatu."

"Na nne."

Nyuso zao zilikuwa zimewaka. Walikuwa wameisahau nyumba, wameisahau benki, wamemsahau kila aliyekuwepo, mama na mwana wanapokezana bei kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Dalali alikuwa amefumba macho, mikono kifuani, anashukuru. Hamsini na sita, hamsini na saba. Fundi akaishika futi shingoni. Uzi mwekundu ulikuwa umeachwa nyuma sana, na futi yenyewe inaishia sitini.

Ndipo macho yake yalipoangukia meza. Sahani, bakuli, viatu vya Dalali, na kando yake ile nyundo, mahali Mnadi alipoiweka alipokuwa akipangiwa pini. Akayakumbuka maneno ya mumewe. Nyundo ikishapigwa, mdomo unafungwa.

Akainyanyua akaishusha mezani kwa nguvu zote za mkono uliozungusha cherehani miaka kumi na moja. Sahani zikaruka.

"Thelathini na mbili," Fundi akasema. "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Imeuzwa."

Mama mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Mnadi alifungua wake, akaufunga. Hamsini na nane ilikuwa inaonekana kabisa imekwama kooni mwa mmoja wao, inapanda na kushuka, lakini haikutoka. Watu hawa wangeweza kuvunja sheria zote za nchi. Hii hawakuiweza.

"Kwa nani?" mama mkwe akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Kwangu mimi, mama."

Mkunga akacheka mpaka miwani ikamwanguka mapajani. Alipoiokota akaivaa, akaliendeleza jina lake pale alipoliachia, akaweka na tarehe, kwenye nakala zote mbili. Akasema kumi na nane ni nyingi, hakatai, na leo jioni atazililia. Lakini thelathini na mbili alikuwa ameshaitamka kabla ya wageni kufika, na katika kazi yake yote hajawahi kumrudisha mtoto ndani aliyekwisha kutoa kichwa.

Fundi akaikunja nakala yake mara nne, akaitia ndani ya nguo kifuani, akalia. Akafuta machozi kwa futi. Mnadi alimshika bega, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, alinyamaza bila kuwekewa kitu mdomoni.

Chumba je? Hilo Fundi aliona aliache kwanza. Nyumba imepatikana, arubuni zote mbili ziko salama, ya mama mkwe na chumba watayazungumza nyumbani. Akamgeukia kwa heshima zote za mkamwana, akamwambia mama, pole kwa usumbufu, na hizo fedha zako zirudi benki leo leo, usitembee nazo.

"Zipi?" mama mkwe akasema. "Arubuni nimeshampa kijana wenu pale getini. Milioni tano."

Nyundo ikamponyoka Fundi. Akauliza kama ameandikiana naye.

"Mimi si mjinga," mama mkwe akajibu. "Nilimwambia sitaki vipande vya kalenda. Sasa hivi ulipogonga hiyo nyundo ameninong'oneza kwamba anakwenda kununua kitabu cha risiti."

Wote wakageuka. Viatu vilikuwa bado mezani, mwenyewe hayupo. Nje ya ukuta, pikipiki ikawaka.